Mtungi wa Marekani, vali ya Ujerumani, rangi ya Afrika Kusini: nifuate sheria ya nani ninapojaza?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi ya kuongoza wazamiaji hapa Nungwi, na mwaka huu nimeanza kujikusanyia mitungi yangu mwenyewe ili niache kukodi. Kaka yangu aliyeko Marekani amenitumia kwa meli mitungi miwili ya alumini, ya njano, yenye mkanda wa kijani begani. Mmoja una lebo iliyoandikwa 32 na chini yake 111. Mgeni wa Kijerumani aliniachia mtungi wa feleji wa lita 12, bega lake lina vipande vyeupe na vyeusi, lakini regyuleta yangu, kile kifaa cha kuvutia hewa, haiingii kwenye vali yake. Wa nne nimeununua kwa mtu aliyeutoa Afrika Kusini, wa njano wenye bega la kijivu. Sasa kila mtu ananiambia lake. Bosi anasema mtungi hupimwa kila miaka mitano, mwalimu aliyetoka Durban anasema minne, mgeni wa Australia anasema kwao ni kila mwaka. Mwenye kompresa ameikataa mitungi ya Marekani kwa kuwa kijani ni oksijeni tupu. Fundi amejitolea kuhamisha vali kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine ili ule wa Mjerumani utumike. Na rafiki yangu anasema naitroksi iliyo chini ya asilimia 40 ni sawa na hewa tu. Nifuate sheria ya nchi gani?*

Marahaba, na ahsante kwa kueleza kila mtungi kwa alama zake, maana bila alama hizo jibu lingekuwa la kubahatisha. Una vyombo vinne kutoka nchi tatu, kila kimoja kimekuja na desturi ya kwao, na watu wanaokushauri wengi wao wanasema kweli, ila ni kweli ya nchi moja inayosemwa kana kwamba ni ya dunia nzima. Kabla sijaenda mbali nakuomba jambo moja: usimruhusu fundi aguse vali yoyote mpaka umalize kusoma. Katika yote uliyoyaeleza, hilo ndilo linaloweza kumwondolea mtu uhai kabla hata hajaingia majini.

Hakuna sheria moja ya kimataifa inayotawala mitungi ya kuzamia, na swali lako linakuwa gumu kwa sababu linaunganisha mambo matatu ambayo kila moja lina msemaji wake. La kwanza ni chombo chenyewe: kimetengenezwa kwa kiwango gani na kinastahimili shinikizo kiasi gani. Hilo limeamuliwa na nchi kilikotengenezwa, limegongwa kwenye chuma, na linasafiri na chombo popote kiendapo. La pili ni ujazaji: nani anaruhusiwa kujaza, na chombo kiwe kimekaguliwa lini. Hilo linaamuliwa na nchi uliyosimama wakati kompresa inawashwa. La tatu ni gesi iliyomo, na hilo halisemwi na nchi yoyote. Linasemwa na kipima oksijeni kilichowekwa mbele ya vali siku hiyo. Kwa hiyo hutachagua nchi moja ukaziacha nyingine. Utaheshimu mwisho wa shinikizo uliogongwa na mtengenezaji, utafuata sheria ya mahali unapojazia, na pale viwili hivyo vinapotofautiana utashika kilicho kikali zaidi.

Kwa upande wako, mahali hapo ni Zanzibar, ambayo ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005. Tanzania Bara ina yake ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Nazitaja kwa sababu siku utakapowapeleka wageni Mafia au Diani ukiwa na mitungi yako, utakuwa umehamia chini ya mamlaka nyingine ingawa bahari ni ile ile.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyokunyima kujaziwa. Mwenye kompresa amefanya vyema kusita na ningependa wajazaji wote wawe waangalifu kama yeye, lakini sababu aliyoitoa si sahihi. Nchini Marekani kijani ni rangi ya oksijeni ya hospitali, na kutokana na hilo wazamiaji wa huko wakajiwekea desturi kwamba mtungi wa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, uwe wa njano na mkanda wa kijani begani wenye upana wa inchi 4. Ni desturi ya wazamiaji, wala serikali ya Marekani haijaiweka kuwa sheria. Huko Ulaya mambo ni tofauti kabisa: kiwango cha EN 1089-3 huipa oksijeni bega jeupe, na kijani kilichokoza hupewa argoni, gesi ambayo mtu akiivuta peke yake hupoteza fahamu bila kuhisi dalili yoyote ya kuishiwa pumzi. Ule mtungi wa Mjerumani una vipande vyeupe na vyeusi kwa sababu katika kiwango hicho nyeupe ni oksijeni na nyeusi ni naitrojeni, na vikikaa pamoja humaanisha hewa ya kuvuta au naitroksi, bila kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Afrika Kusini nao, kwa kiwango cha SANS 10019, hupaka mitungi ya wazamiaji rangi ya njano ya dhahabu na bega la kijivu, iwe ndani mna hewa au naitroksi, na huiachia lebo kazi ya kutofautisha. Mtungi mweusi wenye bega jeupe kwao ni oksijeni ya tiba.

Utaona kwamba mitungi mitatu kati ya minne uliyo nayo ni ya njano kwa sababu mbili zisizohusiana. Mtu wa Durban akiona njano anafikiri "mzamiaji", na mtu wa Florida akiona njano na kijani anafikiri "naitroksi". Kwa hiyo mweleze mwenye kompresa kwamba mkanda wa kijani haumaanishi oksijeni tupu, lakini vilevile usimwombe aamini kwamba unamaanisha hewa. Upimeni pamoja, mbele yake.

Sasa geukia alama zilizogongwa begani, kwa maana hizo hazifutiki kwa rangi. Kwenye mitungi ya kaka yako utakuta maandishi DOT-3AL3000, na mara nyingi kando yake TC-3ALM207. DOT ni Idara ya Uchukuzi ya Marekani, TC ni ya Kanada. 3AL maana yake ni alumini isiyo na mshono. 3000 ni shinikizo la kazi kwa paundi za inchi ya mraba, na 207 ni shinikizo lile lile kwa bar, ambapo bar moja ni kama shinikizo la hewa kwenye uso wa bahari. Kwenye mtungi wa Mjerumani tafuta herufi ya Kigiriki π, inayoonyesha kwamba umekubaliwa chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya za vyombo vya shinikizo vinavyosafirishwa, kisha herufi PW kwa shinikizo la kazi na PT kwa shinikizo la jaribio. Mtungi wa feleji wa lita 12 mara nyingi huwa PW 232 na PT 348. Usishangae ukiona uwiano umetofautiana: Wamarekani hulijaribu chombo cha aina ya 3AL kwa thuluthi mbili zaidi ya shinikizo la kazi, yaani paundi 5000 kwa mtungi wa 3000, na Wazungu wa Ulaya hulijaribu kwa nusu zaidi. Hii haikupi ruhusa ya kuuongeza mtungi wa Marekani mpaka 232 kwa hoja kwamba umejaribiwa kwa zaidi. Shinikizo la jaribio huwekwa mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa, kwa maji, katika chumba chenye kinga. Wewe unaujaza kwa hewa mara mamia, na kila ujazo unauchosha metali kidogo.

Hapa kuna mtego ambao huwapata watu wenye mitungi ya kupewa. Marekani kuna mitungi ya feleji ya shinikizo dogo, imegongwa 3AA2400. Paundi 2400 ni kama bar 165 tu. Ikiwa baada ya tarehe ya jaribio pamegongwa alama ya kujumlisha, inaruhusiwa asilimia 10 zaidi, yaani takriban bar 182, na ruhusa hiyo ni ya feleji, haiigusi alumini. Mjazaji wa pwani yetu aliyezoea kusimamisha sindano kwenye 200 atakuwa ameujaza kupita kiasi bila kujua. Kaka yako akitaka kukutumia mingine, mwambie akupigie picha ya bega kwanza.

Katika picha hiyo utazame pia mwaka wa kutengenezwa. Mitungi ya alumini ya Marekani iliyotoka kabla ya mwaka 1990 au hapo karibu inaweza kuwa ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351, ambayo imeonekana kupata nyufa polepole shingoni kwa sababu tu ya kukaa na shinikizo kwa miaka mingi, hata bila kugongwa wala kushika kutu. Kampuni ya Luxfer iliacha aloi hiyo Marekani mwaka 1988 ikahamia 6061. Sheria ya Marekani inataka mitungi ya 6351 ya kuzamia ipimwe shingo kwa mkondo wa umeme kila inaporudi kwenye jaribio, kwa kuwa jicho peke yake huweza kuupita ufa. Ikiwa mmojawapo wa hiyo miwili ni wa miaka hiyo, ushauri wangu ni mfupi: usiujaze. Utoe matumizini.

Kuhusu miaka mitano, minne na mmoja, wote watatu wamekuambia kanuni za kweli. Marekani hutaka jaribio la shinikizo la maji kila miaka 5. Ukaguzi wa ndani wa kila mwaka, ambao watu wengi hudhani ni sheria, ni desturi ya sekta ya uzamiaji yenyewe, ila ni desturi yenye nguvu kiasi kwamba duka halitakujazia bila stika yake. Ujerumani na Uingereza hutaka jaribio kila miaka 5 na ukaguzi wa ndani kila miaka 2 na nusu. Afrika Kusini ni miaka 4. Australia ni kila miezi 12. Tofauti hizi hazitokani na chuma cha Australia kuwa dhaifu. Kila mamlaka imejiuliza ni muda gani mrefu zaidi inaoweza kukubali upite bila mtu kutazama ndani ya chombo, na kila moja imejibu kwa kadiri ya hofu yake na uzoefu wake.

Jaribio lenyewe, kwa namna inayotumika Marekani, ni hili: mtungi hujazwa maji, hutumbukizwa katika chombo kingine cha maji, kisha husukumwa mpaka shinikizo la jaribio huku ukipimwa umetanuka kiasi gani. Chuma kizima hutanuka na kurudi. Upanuzi uliobaki baada ya shinikizo kuondolewa ukizidi asilimia 10 ya upanuzi wote, mtungi umeshindwa. Jaribio hili hupima unyumbufu wa ukuta wa chombo. Haliwezi kukueleza vizuri kuhusu kishimo cha kutu kilichoanza miezi miwili iliyopita. Kazi hiyo ni ya ukaguzi wa ndani kwa taa na kioo. Huku kwetu mitungi hujazwa mara mbili kwa siku msimu mzima, vali hufungwa kwenye mpira wa kompresa ikiwa bado ina maji ya chumvi, na wanafunzi hurudi juu wakiwa wameumaliza mtungi kabisa, jambo linaloruhusu maji kuingia. Kwa mazingira hayo ningekagua ndani kila baada ya miezi 12 na kufanya jaribio la shinikizo kila muda usiozidi miaka 4 kwa mitungi yote minne, na kama mkaguzi wa Zanzibar atataka muda mfupi zaidi, huo ndio utakaoufuata. Utaepuka pia hesabu ya kukumbuka mtungi upi unafuata kalenda ya nani.

Kumbuka tu kwamba jaribio litakalofanyika huku kwa kiwango cha ISO 18119, ambacho kinahusu mitungi isiyo na mshono ya feleji na ya alumini, halitahesabika Marekani. Huko tarehe ya jaribio hugongwa na kituo chenye namba ya utambulisho kilichopewa na serikali, na utaiona namba hiyo imepangwa kwa pembe nne kati ya mwezi na mwaka. Vivyo hivyo mtungi wako wa Kijerumani usio na alama za DOT hauwezi kujazwa kihalali katika duka la kawaida la Miami, na ule wa DOT usio na π utakataliwa Hamburg. Mtu anayekataa kujaza katika hali hizo hafanyi ubaguzi wala ukaidi. Leseni yake na bima yake vimefungwa kwenye alama hizo.

Sasa vali. Regyuleta yako haiingii kwenye mtungi wa Mjerumani kwa sababu, kwa jinsi ulivyoeleza, vali hiyo ina mdomo wa M26, ambao kiwango cha Ulaya cha EN 144-3 kimeutenga kwa gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 22. Wamefanya hivyo makusudi, ili mtu asiweze kuunganisha kifaa cha hewa ya kawaida, pengine chenye mafuta, kwenye gesi iliyoongezwa oksijeni. Marekani na sehemu kubwa ya dunia haikufuata njia hiyo, na ndiyo maana vifaa vyako vingine vyote vinaingiliana na huu peke yake unagoma.

Pendekezo la fundi ni kung'oa vali ya mtungi wa Marekani na kuibadilisha na ya Mjerumani. Tatizo liko upande wa chini wa vali, mahali pasipoonekana ikishafungwa. Shingo ya mtungi wa kisasa wa Ulaya ina meno, au thredi kama mafundi wanavyoyaita, ya M25×2: kipenyo cha milimita 25, na milimita 2 kati ya jino na jino. Shingo ya mtungi wa alumini wa Marekani ni ya robo tatu ya inchi yenye meno 14 kwa inchi, na kipenyo chake halisi ni kama milimita 26 na nusu. Maana yake ni kwamba vali ya M25 inaingia kwenye shingo ya Marekani. Inaingia, inazunguka, oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, inakaa, na hata shinikizo la kwanza inaweza kulistahimili. Lakini imeshikwa kwa ncha chache tu za meno. Mtungi ukifika bar mia na kitu, vali hiyo inaweza kutoka kama risasi, na aliyeinama juu yake anajaza ndiye atakayeipokea usoni. Watu wamekufa kwa kosa hili hasa, katika nchi zenye mafundi wazuri na vifaa vizuri, kwa sababu mkono hauwezi kuhisi tofauti ya milimita moja na nusu. Tena vali za Marekani hubeba kisahani cha usalama kinachopasuka shinikizo likizidi, ambacho sheria ya huko inakitaka na vali za Ulaya kwa kawaida hazina; ukibadilisha vali, unaondoa na kinga hiyo.

Kwa hiyo mjibu fundi kwa heshima kwamba hapana. Ikiwa unataka mtungi wa Mjerumani utumike kwa hewa ya kawaida, inunuliwe vali mpya ya M25×2 yenye mdomo wa kawaida wa DIN, yaani ule wa hewa ambao regyuleta hufungwa kwa kuzungushwa ndani yake, iliyoandikwa shinikizo lisilopungua lile la mtungi, na ifungwe na mkaguzi wa mitungi baada ya kusoma alama za meno kwenye shingo na kwenye shina la vali, zote mbili. Ukiniuliza mimi, ningeuacha na vali yake ya M26 na kuutenga kwa naitroksi pekee.

Hilo linatuleta kwa rafiki yako na asilimia 40. Ametoa kanuni halali, akaikata nusu. Nchini Marekani imezoeleka kwamba kifaa kinachoguswa na gesi yenye oksijeni isiyozidi asilimia 40 kinaweza kuhudumiwa kama cha hewa. Kwa usafirishaji, Marekani hiyo hiyo huanza kuihesabu gesi kuwa yenye kuchochea moto inapozidi asilimia 23.5. Ulaya mpaka ni 22. Oksijeni yenyewe haiwaki. Inafanya vitu vingine viwake kwa urahisi na kwa ukali. Mtu akifungua vali ya oksijeni kwa ghafula, gesi hukimbia ikajibana mahali penye mwisho, ikapata joto kali kwa kufumba na kufumbua, na kama hapo kuna utando wa mafuta au vumbi la alumini, moto huanza ndani ya chuma.

Nusu aliyoiacha rafiki yako ni swali la namna gani naitroksi hiyo imetengenezwa. Kompresa nyingi ndogo huichanganya ndani ya mtungi wenyewe: kwanza oksijeni tupu, kisha hewa juu yake. Ili upate asilimia 32 kwenye mtungi mtupu wa bar 200, unaanza na takriban bar 28 za oksijeni ya asilimia 100. Mchanganyiko wa mwisho ni 32, lakini vali yako, oringi zako na kuta za mtungi wako zimekutana na oksijeni tupu. Kwa njia hiyo hata Marekani kwenyewe mtungi lazima uwe umesafishwa kwa matumizi ya oksijeni, na kikomo cha 40 hakikusaidii. Na ukishausafisha, ukaujaza hewa ya kompresa ya kawaida isiyochujwa mafuta vya kutosha, usafi huo umekwisha na kazi inaanza upya. Ikiwa kituo chenu kinachanganya gesi kabla haijafika mtungini, hali ni nyepesi zaidi. Muulize mjazaji anatumia njia ipi kabla ya kumuuliza bei.

Sasa ile lebo ya 32 na 111. Ya kwanza ni asilimia ya oksijeni. Ya pili ni ukomo wa kina, kwa futi, yaani karibu mita 34. Hesabu yake ni rahisi: shinikizo la oksijeni peke yake lisizidi bar 1.4 wakati wa kuogelea, na kila mita 10 huongeza bar moja juu ya ile bar moja ya hewa iliyopo kwenye uso wa maji. Mita 33 ni bar 4.3, zidisha kwa 0.32 upate chini kidogo ya 1.4. Ukipita hapo, oksijeni huanza kuwa sumu kwa ubongo, na dalili ya kwanza yaweza kuwa mtukutiko wa mwili kama wa kifafa, ambao nchi kavu mtu huamka kutoka kwake, lakini chini ya maji huiachia regyuleta na kuzama.

Namba 111 haitamdanganya mzamiaji wa Mnemba kwa kuwa hakuna anayekwenda mita 111. Iliyo mbaya ni ndogo zaidi. Mtungi wa oksijeni tupu unaotumiwa na wazamiaji wa kina kirefu wakati wa kupanda juu, ukitoka Marekani, huandikwa 20: futi 20, yaani mita 6. Msomaji wa kwetu, aliyekulia kwenye mita, akiuvuta kwenye mita 20 atakuwa akivuta oksijeni kwa bar 3, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha salama. Kwa sababu hiyo nakuomba ubandue lebo zote za zamani kwenye mitungi yako, zote, na uandike za kwako kwa mita ukiweka herufi m wazi: asilimia ya oksijeni, ukomo wa kina, tarehe ya kupima, na jina la aliyepima. Aliyepima awe ndiye atakayeuvuta. Kipimo kirekebishwe kwanza kwa hewa ya nje mpaka kisome 20.9, nacho kikae kivulini.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na wengi hulisahau. Mtungi wenye rangi ya naitroksi lakini ndani mna hewa haumpi mtu kifafa. Unampa ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya naitrojeni mwilini, kwa sababu kompyuta ya kuzamia aliyoivaa imehesabu naitrojeni kidogo kuliko anayoivuta. Lebo isiyo kweli ni hatari ikidanganya kwenda juu na ikidanganya kwenda chini.

Hukuuliza kuhusu ubora wa hewa yenyewe, nami sitakaa hapo muda mrefu, ila hapo pia nchi zinatofautiana: daraja E la Marekani hukubali kaboni monoksidi sehemu 10 kwa milioni, na kiwango cha Ulaya cha EN 12021 ni sehemu 5. Kwenye mita 30 mwili huiona 10 kana kwamba ni 40 juu ya ardhi. Umeme ukikatika na kompresa ikahamia kwenye jenereta, simama uangalie moshi unakokwenda na bomba la kuvutia hewa liko wapi.

Kwa mitungi yako, basi, ningefanya hivi. Ile miwili ya Marekani, ikiwa ni ya baada ya 1990, ikaguliwe ndani, ipimwe kwa maji kama tarehe imepita, na itumike mpaka bar 207 bila kuzidi. Kumbuka kwamba kipimo hicho ni kwa nyuzi joto 21, kwa hiyo mtungi uliojazwa sawasawa na kuachwa kwenye joto la nyuzi 35 utasoma kama 217, na hilo si kosa la mjazaji. Mkanda wa kijani unaweza kubaki kama utaitumia kwa naitroksi. Kama ni ya hewa, uondoe. Wa Mjerumani uwe wa naitroksi. Wa Afrika Kusini ndio unaonitia shaka zaidi, kwa sababu umeununua bila karatasi: usipakwe rangi mpya kabla haujakaguliwa, kwani rangi huficha mikwaruzo na kutu ya nje, na rangi za kuoka kwa joto kali huweza kuharibu ugumu wa alumini yenyewe.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyafanya, na hapo nakuomba uende kwa mtu ana kwa ana. Mpelekee mkaguzi mwenye cheti cha mitungi ya kuzamia ikiwa utasikia kitu kinacheza ndani ukiutikisa mtungi, ikiwa hewa ina harufu, ikiwa vali inazunguka kirahisi kuliko kawaida au imeinama, ikiwa alama za begani hazisomeki au zimesuguliwa, au ikiwa mtungi umewahi kuwa karibu na moto. Usiifungue vali mwenyewe ili kuchungulia, hata kama sindano inasoma sifuri, kwa kuwa vali iliyoziba husoma sifuri huku mtungi umejaa. Kabla ya kuanza kukodisha mitungi hii kwa wageni, zungumza na ofisi ya usalama na afya kazini ya Zanzibar ukiwa na picha za alama zote nne, maana kuanzia siku hiyo itakuwa imegeuka kuwa vifaa vya kazi. Na yeyote aliyepata ganzi, kizunguzungu, maumivu ya viungo au degedege baada ya kuzamia apewe oksijeni na apelekwe kwa daktari wa tiba ya shinikizo mara moja, mtungi alioutumia ufungwe vali na utunzwe kama ulivyo, bila kuupunguza wala kuujaza, ili gesi iliyobaki ipimwe.